Kutoka Kitabu cha Maziko hadi Soko la Madeni

Mwishoni mwa karne ya 17, katika mji wa Breslau ambao leo unaitwa Wrocław na umo nchini Poland, alikuwapo mchungaji wa Kilutheri aitwaye Caspar Neumann. Alibatiza, alifungisha ndoa na kuzika kama wachungaji wenzake, na kila tendo liliandikwa kitabuni. Lakini Neumann aliketi pia kuvisoma vitabu hivyo. Watu wa siku zile waliamini kwamba mwezi, unapokua na kupungua, huamua nani augue na nani apone. Waliamini tena kwamba miaka ya umri inayogawanyika kwa 7 au kwa 9 ni miaka ya mkosi, hasa 49 na 63. Neumann akakusanya kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa mjini mwake, akazipanga kwa umri, na akaona kwamba imani hiyo haina msingi. Kifo hakikufuata mwezi, wala hakikuipendelea namba 7.

Kumbukumbu zake zilisafiri hadi London, kwenye chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Society. Huko zikaangukia mikononi mwa Edmond Halley, yule ambaye jina lake limepewa nyota yenye mkia. Mwaka 1693 Halley alichapisha jedwali lililoonyesha, kwa kila umri, wangapi bado wako hai na wangapi wameshakufa. Lilikuwa jedwali la huzuni: karibu nusu ya watoto waliozaliwa Breslau walikuwa wamekufa kabla ya kufikia miaka 17. Lakini lilikuwa na manufaa pia. Wakati huo serikali ya Uingereza iliuza pensheni za maisha kwa bei moja kwa kijana na kwa mzee. Halley alionyesha kwamba bei ya haki inaweza kukokotolewa kwa kufuata umri wa mtu. Kwa mara ya kwanza, jambo lisilojulikana la kesho liliwekewa bei kutokana na kitabu cha maziko cha jana.

Ndugu msomaji, makala hii inahusu hesabu ambazo benki na masoko ya fedha hutumia kupanga bei ya mikataba ya siku zijazo na kupima kama mkopaji atalipa au atashindwa. Unaweza kujiuliza mambo hayo yanatafuta nini katika kitabu cha imani. Jibu la kwanza ni hilo la Breslau: shina lake lilimea katika ofisi ya usharika. Jibu la pili ni kwamba mwaka 2008 hesabu za namna hii ziliwaongoza wakubwa wa dunia vibaya, na mamilioni ya watu wakapoteza nyumba na kazi. Jibu la tatu limo katika lugha yetu wenyewe. Amana, amini na imani ni maneno ya mzizi mmoja. Anayekopesha anaamini. Basi ni halali kwa Mkristo kuuliza: anaamini nini, na kwa msingi gani?

Wajane wa wachungaji

Miaka 50 baada ya jedwali la Halley, wachungaji wawili wa Kanisa la Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster, walisumbuliwa na jambo ambalo kila mchungaji analijua. Mchungaji akifa, nyumba ya usharika inamhitaji mchungaji mpya. Mjane anafunga mizigo yake na kutoka na watoto, na Scotland ya wakati ule ilimpa nusu mwaka tu ya mshahara wa marehemu. Baada ya hapo aliishi kwa kuhurumiwa.

Wallace na Webster hawakuridhika kupitisha kapu la sadaka kila msiba unapotokea. Waliandika barua kwa wachungaji wa nchi nzima kuuliza: wako wangapi, wana umri gani, wangapi wana wake na watoto, wangapi hufa kila mwaka? Wakamwomba Colin Maclaurin, mwalimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, awakagulie hesabu. Walipata kwamba wachungaji walio hai kwa wakati wowote ni kama 930, kwamba kila mwaka watakufa 27 kwa wastani, na kwamba 18 kati ya hao wataacha wajane. Kwa msingi huo walipanga kila mchungaji achange kiasi gani kila mwaka, mfuko ukopeshe fedha zake kwa riba, na mjane alipwe pensheni mpaka mwisho wa maisha yake. Bunge la Uingereza likaupitisha mpango huo mwaka 1744.

Wenye busara hupima mti kwa matunda. Walikuwa wamekadiria mapema mfuko utakuwa na kiasi gani mwaka 1765. Mwaka huo ulipofika, mfuko ulikuwa na zaidi ya pauni 58,000, na tofauti kati ya makadirio na hali halisi ilikuwa pauni moja.

Wapo washarika wanaosema kwamba kukata bima au kujiwekea akiba ya uzeeni ni upungufu wa imani. Ningependa waitazame Edinburgh. Wachungaji wale walijua Mungu ni mume wa wajane, na kwa sababu hiyo hiyo walichukua kalamu. Kanisa la kwanza lilifanya vivyo hivyo. Katika Matendo ya Mitume 6, wajane waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume waliwaagiza wanafunzi wachague watu saba waliojaa Roho na hekima, wakawapa kazi ya kugawa kwa utaratibu. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Angalieni pia jambo moja ambalo tutalihitaji mbele. Waliohesabu walikuwa ndani ya hesabu. Wallace na Webster walichangia mfuko ule ule, na wake zao wangeishi au kuteseka kwa usahihi wa kalamu yao.

Bei ya kesho

Kwa zaidi ya karne moja hesabu hizi zilibaki kwenye vifo, moto na meli. Mwaka 1900 kijana Mfaransa, Louis Bachelier, alipeleka kwenye chuo kikuu mjini Paris tasnifu iliyotumia hisabati ya bahati kueleza kupanda na kushuka kwa bei za soko. Wengi hawakuijali kwa miaka mingi. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha nchini Marekani kanuni ambayo Robert Merton naye aliifanyia kazi, na mwaka huo huo soko maalumu la mikataba ya namna hiyo likafunguliwa Chicago.

Mikataba hiyo ni nini? Chukua mfano wa mkulima wa kahawa anayeogopa bei itashuka kabla ya mavuno. Anamlipa mtu kiasi kidogo leo, naye anapata haki ya kumuuzia kahawa baada ya miezi sita kwa bei waliyokubaliana. Bei ikishuka, mkulima anaitumia haki yake. Ikipanda, anaiacha na kuuza sokoni. Karatasi ile ina thamani inayotokana na kahawa, ingawa yenyewe si kahawa. Swali gumu lilikuwa: kile kiasi kidogo cha leo kiwe kiasi gani? Kanuni ya 1973 ilijibu kwa kutumia mambo matano: bei ya sasa, bei iliyokubaliwa, muda uliobaki, riba, na ukubwa wa kuyumba kwa bei. Lilikuwa jibu la werevu, na mkulima mwenye hofu alifaidika nalo.

Lakini kanuni ilibeba dhana ndani yake. Ilichukulia kwamba bei huyumba kwa hatua ndogo ndogo, na kwamba anguko kubwa la ghafla ni jambo la nadra mno. Mwaka 1997 Merton na Scholes walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Black alikuwa amefariki mwaka 1995. Wawili hao walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji ulioitwa Long-Term Capital Management. Agosti 1998 serikali ya Urusi ilishindwa kulipa sehemu ya madeni yake, masoko yakaruka kama ndege walioshtuliwa, na mfuko ule ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika miezi michache. Benki kuu ya New York iliwakutanisha wakubwa wa fedha, na taasisi 14 zikatoa dola bilioni 3.6 ili anguko lake lisiwaburute wengine. Haukuwa umepita hata mwaka mmoja tangu tuzo itolewe.

Moyo uliovunjika

Sasa tunarudi kwa mjane, kwa njia ya ajabu.

Wachungaji tunajua kwa uzoefu kwamba wazee walioishi pamoja miaka mingi mara nyingine huzikwa kwa kufuatana. Mmoja akiondoka, mwenzake hudhoofika, na kabla ya mwaka kwisha tunarudi kwenye kaburi lile lile. Wataalamu wa hesabu za bima walilichunguza jambo hili na kulipa jina la moyo uliovunjika. Kwao lilikuwa swali la pensheni: kama kifo cha mume kinaongeza uwezekano wa kifo cha mke, huwezi kuwahesabu kana kwamba ni watu wawili wasiojuana. Walipata njia ya kihisabati ya kuunganisha maisha mawili.

David X. Li, mzaliwa wa China aliyesomea hesabu za bima na takwimu nchini Kanada, aliona kwamba madeni yanafanana na ndoa. Kampuni moja ikifilisika, nyingine iliyofungamana nayo hudhoofika. Mwaka 2000 alichapisha makala iliyotumia njia ile ya wanandoa kupima uwezekano wa wakopaji wengi kushindwa kulipa kwa pamoja.

Kwa nini "kwa pamoja" ndilo neno lenye uzito? Fikiria kikundi cha kukopeshana cha akina mama watano wanaodhaminiana. Tuseme kila mmoja ana uwezekano wa kushindwa mara moja katika miaka 10. Kama shida zao hazihusiani, mmoja akiwa mshonaji, mwingine muuza samaki, mwingine mwalimu, basi uwezekano wa wote watano kushindwa mwaka mmoja ni 1 kati ya 100,000. Unaweza kulala usingizi. Lakini kama wote watano wanalima mahindi katika bonde moja, ukame ukimpiga mmoja umewapiga wote, na uwezekano ule unakuwa 1 kati ya 10. Akina mama ni wale wale, na uaminifu wao ni ule ule. Kilichobadilika ni kifungo kinachowaunganisha. Anayekosea kukipima kifungo hicho amekosea kila kitu, hata kama anamjua vizuri kila mama peke yake.

Njia ya Li iliwapa watu wa benki namna ya kukipima kifungo kwa haraka, mara nyingi kwa namba moja tu. Tena namba hiyo haikuhitaji kumbukumbu ndefu za walioshindwa kulipa. Ilichukuliwa kutoka bei za sokoni, hasa bei za mikataba ya kujikinga na mkopaji anayeshindwa. Neumann alisoma vitabu vya waliokufa kweli. Hawa walisoma maoni ya soko juu ya nani atakufa, na mikataba iliyobeba maoni hayo ilikuwa na umri wa miaka michache tu, miaka ya neema.

Mitungi ilipokauka

Benki za Marekani zilikusanya maelfu ya mikopo ya nyumba katika kapu moja, kisha zikauza haki ya kupokea marejesho yake. Picha yake ni mitungi iliyopangwa kwa ngazi. Maji ya marejesho hujaza kwanza mtungi wa juu, yakifurika huenda wa pili, na wa mwisho hupata yanayobaki. Mwenye mtungi wa juu alihesabiwa kuwa salama kabisa, kwa sababu ingehitajika wakopaji wengi mno washindwe kwa wakati mmoja ndipo akose maji. Hesabu ilisema jambo hilo karibu haliwezekani. Mashirika ya kupima ubora wa madeni yaliipa mitungi ya juu alama ya juu kabisa, na mifuko ya pensheni ya mataifa mbalimbali ikainunua.

Biashara ikakua kuliko kichaka baada ya mvua. Mwishoni mwa mwaka 2001 mikataba ya kujikinga na wakopaji ilikuwa na thamani ya karibu dola trilioni 1. Mwishoni mwa 2007 ilifika dola trilioni 62. Na kwa kuwa kila mkopo uliuzwa mara tu baada ya kutolewa, aliyekopesha hakuwa na sababu ya kuuliza kama mkopaji ana kazi. Hasara ingemkuta mwingine, mbali, ambaye hata jina la mkopaji halijui.

Mwaka 2006 bei za nyumba zilianza kushuka, tena nchi nzima. Ilidhihirika kwamba wakopaji wale walikuwa wamelima bonde moja. Walishindwa pamoja, na hata mitungi ya juu ikakauka. Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers yenye umri wa miaka 158 ilifilisika. Siku iliyofuata serikali ya Marekani ilitangaza mkopo wa dola bilioni 85 kuiokoa kampuni ya bima ya AIG, ambayo ilikuwa imewadhamini wengi bila kuweka akiba ya kutosha. Mamilioni ya familia zilitolewa katika nyumba zao. Mawimbi yalifika hadi kwetu pia. Bei za mazao sokoni ziliporomoka, na Juni 2009 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, ambao pamoja na mengine ulifidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa. Mkulima ambaye hajawahi kusikia neno lolote la hesabu hizi alionja matunda yake.

Tusimtwike Li msalaba wa dunia nzima. Mwaka 2005, kabla ya anguko, alikwisha kuliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba hatari kubwa ni watu kuamini kila kinachotoka katika kanuni yake. Aliyekitengeneza kifaa alijua mipaka yake. Waliokitumia waliona faida tu.

Hesabu mbili katika Biblia

Biblia ina sura mbili ambazo huwasumbua wanaozisoma kwa pamoja. Katika Hesabu 1, Mungu anamwamuru Musa kuwahesabu watu. Katika 2 Samweli 24, Daudi anawahesabu watu, moyo wake unamchoma, na tauni inakuja. Kazi ni ile ile ya kuhesabu. Kwa nini moja ni utii na nyingine ni dhambi?

Naona msaada katika Kutoka 30:12. Pale Mungu anaagiza kwamba watu wanapohesabiwa, kila mmoja atoe fidia kwa ajili ya nafsi yake. Kila anayeandikwa anatambuliwa kuwa nafsi iliyo mali ya Bwana. Daudi alitaka idadi ya upanga, apate kuona ukubwa wa nguvu zake. Na gharama ya hesabu yake ilipokuja, iliwaangukia watu 70,000 ambao hawakushauriwa. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo akalia kwamba kosa ni lake na kondoo wale hawakufanya neno.

Tukiipima historia hii kwa sura hizo mbili, tofauti inaonekana. Hesabu ya 1744 ilianza na mjane na ikaishia kwa mjane, na waliohesabu waliubeba mzigo wa kukosea. Hesabu ya 2008 ilianza na moyo wa mjane uliovunjika, ikamwacha njiani, ikaishia kwenye faida ya watu ambao hasara isingewagusa mapema. Hisabati zilikuwa ndugu wa damu. Kilichotofautiana ni uhusiano kati ya anayehesabu na anayehesabiwa, na unyenyekevu mbele ya kesho. Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, hawakatazi wafanyabiashara kupanga safari na faida. Anawakemea kwa kusema juu ya kesho kana kwamba ni yao, bila kukumbuka kwamba wao ni mvuke.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2012 huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Kenya, na mwaka 2014 M-Pawa ikaanza Tanzania. Leo msharika anabonyeza simu, na kanuni ambayo hataiona kamwe inasoma kumbukumbu za matumizi yake na kuamua kwa sekunde kama ni wa kuaminiwa. Wapo waliosaidiwa kulipa ada au dawa usiku wa manane. Wapo pia waliokopa kwa simu moja ili kulipa simu nyingine, mpaka duka likafungwa. Kanuni inaweza kupima kama utalipa. Haijui kama kulipa kutawanyima watoto wako chakula, wala haitakuuliza.

Hapo ndipo usharika una kazi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viendelee kuandika daftari safi, na wazee wa kanisa walikague bila kuona haya. Tuulize swali la bonde moja: kama wote tunategemea mvua ile ile, tuweke akiba kubwa zaidi, au tukaribishe wanachama wa kazi nyingine. Anayeidhinisha mkopo naye awe na fungu lake ndani ya mfuko ule ule. Na mwanachama anaposhindwa, kabla ya kuchukua cherehani yake, mtu aende nyumbani kwake akaone. Tunamwomba Baba kila Jumapili atusamehe deni zetu, na Mathayo ametumia neno hilo hilo la deni. Aliyeomba hivyo asubuhi hawezi jioni kumtazama mdeni wake kama namba tupu.

Na vile vitabu vya usharika vilivyo kabatini, vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko, mchungaji avisome, kama Neumann alivyofanya. Kila mstari wake una jina, na nyuma ya majina mengi yupo mjane ambaye bado anaishi mtaani kwetu.